Wimbo wa Kidenmaki mbele ya Ulaya nzima: unaimbiwa nani?

Kunja midomo kama mtu anayetaka kusema "u". Usiilegeze. Sasa, midomo ikiwa imekunjwa vivyo hivyo, sema "e". Sauti iliyotoka haimo katika irabu zetu tano. Wadenmaki wanaiandika ø, na ndiyo inayofungua jina la wimbo "Øve os på hinanden", ulioimbwa na wanaume wawili wa kundi la Fyr & Flamme katika shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, Eurovision, mjini Rotterdam, tarehe 20 Mei 2021. Walipanda jukwaani wa mwisho kabisa, nambari 17 kati ya 17, kwenye nusu fainali ya pili. Nafasi za kwenda fainali zilikuwa kumi. Wao wakashika ya 11.

Haukupita muda, maelezo yakapatikana: wameponzwa na Kidenmaki chao. Ulikuwa wimbo wa kwanza wa Denmaki kuimbwa kwa lugha hiyo mwanzo hadi mwisho tangu 1997, kwa hiyo jibu lilikuwa karibu na mkono. Shida ni kwamba jedwali la alama halikubaliani nalo. Nchi iliyowatangulia kwa nafasi moja tu, Albania, iliimba Kialbania na kupata alama 112 dhidi ya 89 za Denmaki. Aliyeongoza usiku ule, Uswisi, aliimba Kifaransa. Siku mbili baadaye, kwenye fainali, mshindi alikuwa Italia kwa Kitaliano, wa pili Ufaransa kwa Kifaransa, wa tatu Uswisi tena. Kiingereza hakikuingia hata tatu bora. Na Ureno, waliotwaa ubingwa mwaka 2017 kwa Kireno, ndio kwanza mwaka huo walijaribu wimbo wa Kiingereza mtupu.

Lugha ngeni, basi, si mlango uliofungwa. Ila haina maana kwamba lugha haina neno. Fundo lenyewe liko pengine: wimbo wa Kidenmaki unaokwenda kwenye shindano hili una hadhira mbili zisizofanana, na wimbo ule ule mmoja lazima ushinde kwa zote mbili, moja baada ya nyingine.

Hadhira ya kwanza iko nyumbani. Shirika la utangazaji la taifa, DR, huandaa mchujo uitwao Dansk Melodi Grand Prix, ambao mizizi yake ni ya mwaka 1957. Wimbo usizidi dakika tatu, jukwaani wasizidi watu sita, mwimbaji mkuu aimbe mubashara. Mshindi ndiye anayebeba bendera. Hadhira ya pili iko ugenini: majopo ya waamuzi na watazamaji wa nchi nyingine, ambao kwa kanuni za mwaka ule wa 2021 waligawana uzito nusu kwa nusu, kila upande ukitoa 12 kwa wimbo wa kwanza, 10 kwa wa pili, 8 kwa wa tatu, hadi 1. Hakuna anayeruhusiwa kuipigia kura nchi yake. Maana yake ni kwamba wale wanaokielewa Kidenmaki vizuri zaidi duniani, kama watu milioni sita hivi, ndio hasa wasio na sauti usiku wa mwisho.

Tazama basi kile walichokisikia wale milioni sita. Jina la kundi lenyewe ni nahau. Mdenmaki akisema yeye ni "fyr og flamme" anamaanisha amewaka, hamu imempanda, hashikiki. Neno kwa neno ni "moto na mwali". Lakini "fyr" pia ni jamaa, kijana wa kiume. Kwa hiyo majamaa wawili wanajiita moto, na mzaha umeshaanza kabla hata ya kinanda kulia. Kisha jina la wimbo: øve ni kufanya mazoezi, os ni sisi, på ni juu ya, hinanden ni kila mmoja kwa mwenzake. Maneno manne ambayo Kiswahili huyakamilisha kwa mawili, kwa sababu sisi tuna kile kitamkwa kidogo -an- kinachofanya kazi yote ya hinanden: tufanyiane mazoezi. Mapenzi kama mtu anayejifunza gitaa, anakosea, anarudia, na gitaa lenyewe ni mpenzi wake.

Muziki nao ulikuwa na ucheshi wake. Ulitengenezwa kwa makusudi usikike kama umetolewa kwenye kabati la miaka ya 1980: vinanda vya umeme, mdundo wa disko uliochangamka, kiitikio cha kupigia makofi. Mdenmaki akisikia sauti ile anajua papo hapo anapelekwa wapi. Tangu 1968 redio ya DR ilikuwa na chati ya nyimbo nyepesi za Kidenmaki, Dansktoppen, na jina hilo likageuka kuwa aina ya muziki, dansktop: muziki ambao mtu wa mjini hujidai haupendi, lakini ukimtega kwenye sherehe ya harusi unamkuta anajua beti zote. Sisi tungesema zilipendwa, ingawa zilipendwa zetu zina heshima kubwa zaidi. Fikiria vijana wa leo wa Dar es Salaam watoe wimbo mpya kabisa, solo likilia na tarumbeta zikiitikia kama bendi za enzi zile, na mavazi yakiwa ya enzi zile vilevile. Nyumbani watu watacheka, watacheza, na mzee atafuta chozi. Mgeni asiyewahi kusikia bendi zile atasikia muziki wa zamani tu.

Hicho ndicho kilichotokea Rotterdam. Watu wa nyumbani walichagua wimbo uliojaa kumbukumbu. Ugenini kumbukumbu hizo hazikuwa na kwa kutua. Mwimbaji wa Kifaransa aliyeshika nafasi ya pili hakuhitaji mtu ajue chochote kuhusu Paris ili uchungu wa sauti yake umfikie. Waitaliano walipiga roki ambayo ungeielewa ukiwa umefunga macho na hujui Kitaliano. Kichekesho ndicho kisichosafiri. Anayeniambia Kidenmaki kilizama 2021, namjibu kilichozama ni utani.

Bado kuna suala la sauti yenyewe, na hapa Kidenmaki kina mzigo wake wa pekee. Wanorwe na Waswidi, ambao lugha zao ni ndugu wa karibu, hupenda kusema jirani yao anaongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Ni kejeli, lakini ina chanzo. Konsonanti nyingi zinazoandikwa hazitamkwi: katika hinanden ile d imekaa pale kama pambo. Nyingine hulainika hadi zinakaribia kuyeyuka. Irabu zao ni nyingi kuliko herufi walizonazo za kuziandikia. Na kuna kitu kinachoitwa stød, mkato mdogo kooni, kama mtu anayetaka kukwama kisha asikwame. Ndiyo tofauti ya hun, yaani yeye mwanamke, na hund, yaani mbwa. Kosea na utamwita mke wa mtu mbwa. Katika kuimba, ukivuta noti ndefu, mkato huo hufifia, na msikilizaji wa nyumbani anaujaza mwenyewe kwa akili.

Mtu aliyekulia kwenye Kiswahili, ambamo karibu kila silabi inaishia kwenye irabu iliyo wazi kama dirisha, anaweza kudhani lugha ya namna hiyo haiimbiki. Inaimbika sana. Wala Wadenmaki hawafichi tabia ya kumeza herufi. Waliwahi kuiandika kwenye bango. Angalia majina ya nyimbo walizopeleka miaka ya 1980 na yule msichana na mvulana wa kundi la Hot Eyes, Kirsten Siggaard na Søren Bundgaard: 1984 "Det' lige det", 1985 "Sku' du spørg' fra no'en", 1988 "Ka' du se hva' jeg sa'". Kila ritifaa ni kaburi la herufi. Maandishi sanifu ya huo wa mwisho yangekuwa "Kan du se hvad jeg sagde", unaona nilichosema, lakini hakuna anayesema hivyo akiwa na rafiki yake. Ni kama sisi kuandika "nshamwambia" badala ya "nimekwisha kumwambia". Walipeleka Kidenmaki cha barazani mbele ya bara zima, bila kukivalisha suti, na ule wa 1984 ukawa wa nne, ule wa 1988 ukawa wa tatu. Mwaka uliofuata, 1989 mjini Lausanne, Birthe Kjær akashika tena nafasi ya tatu na "Vi maler byen rød", tunaupaka mji rangi nyekundu. Katikati ya wimbo kiongozi wa okestra, Henrik Krogsgaard, aliacha kazi yake, akapanda jukwaani na kuungana na waitikiaji, mwenzake mwenyeji akaendelea kuongoza wapiga vyombo. Sijui shindano jingine ambalo mwenye fimbo anaweza kutoroka zamu na bado nchi ikapewa medali ya shaba, kama wangekuwa wanagawa medali.

Kwa nini miaka ile Kidenmaki hakikuwaponza? Kwa sababu karibu kila mtu alikuwa anaimba kitu ambacho jirani yake haelewi. Hapa lazima turudi nyuma kidogo.

Shindano lilizaliwa Lugano, Uswisi, mwaka 1956, likiwa na nchi saba. Denmaki iliingia mwaka uliofuata, Frankfurt, na wimbo "Skibet skal sejle i nat", meli inang'oa nanga usiku huu. Gustav Winckler akiwa katika sare ya baharia aliagana na Birthe Wilke kwa busu lililopita sekunde kumi, mbele ya kamera za mwaka 1957. Inasimuliwa kwamba mtu wa nyuma ya jukwaa aliyetakiwa kutoa ishara ya kuachana alisahau. Wakawa wa tatu. Busu, kama unavyojua, halina ritifaa.

Miaka sita baadaye, London 1963, wakashinda. Grethe na Jørgen Ingmann, mume na mke, yeye akiimba na mumewe akipiga gitaa ambalo lilikwisha kuvuma hadi Marekani, walileta "Dansevise" kwa Kidenmaki safi. Ulikuwa ushindi wa kwanza kwa nchi yoyote ya Nordiki (kaskazini mwa Ulaya), na mpaka leo unanung'unikiwa. Norwe ilipopigiwa simu mara ya kwanza, msemaji wake hakusoma alama kwa utaratibu uliotakiwa. Ikabidi arudiwe mwishoni. Aliporudiwa, alama zilikuwa zimebadilika: Denmaki imeongezewa, Uswisi imepunguziwa. Denmaki 42, Uswisi 40. Ukizirudisha kama zilivyotajwa mwanzo, mshindi ni Uswisi. Ujirani mwema, watasema wenye nia njema.

Wakati huo hapakuwa na kanuni iliyoandikwa juu ya lugha. Watu waliimba lugha ya kwao kwa mazoea. Mwaka 1965 Uswidi ikapeleka wimbo wa Kiingereza, na mwaka uliofuata waandaaji wakaweka sheria: kila nchi iimbe lugha yake. Denmaki haikuiishi sheria hiyo kwa muda mrefu, kwa sababu baada ya 1966 wakubwa wa DR waliona burudani hii haistahili fedha zao na nchi ikakaa nje hadi 1978. Kutokuwepo huko kuna uchungu wake. Kanuni ililegezwa 1973, na mwaka uliofuata ABBA wa Uswidi wakashinda kwa Kiingereza na kuzaliwa upya kama biashara ya dunia nzima. Denmaki walikuwa nyumbani wakitazama. Mwaka 1977 sheria ikarudishwa, na 1978 Denmaki wakarudi nayo. Walikosa dirisha lote la Kiingereza.

Waliorudi walijifunza ujanja ambao nchi nyingi zilikuwa zinautumia. Ukibanwa uimbe lugha yako, basi kiitikio kiwe na maneno yasiyo ya lugha yoyote. Kundi la Mabel, lililoongozwa na kijana Mike Tramp ambaye baadaye angekuwa nyota wa roki Marekani na bendi ya White Lion, lilikuja na "Boom Boom". Tommy Seebach mwaka 1979 alileta "Disco Tango", maneno mawili ambayo hayahitaji kamusi popote, akawa wa sita. Lonnie Devantier mwaka 1990, "Hallo Hallo", wa nane. Waliofika mbali zaidi katika mchezo huu walikuwa Wanorwe, ambao mwaka 1995 walishinda kwa wimbo wenye maneno 24 tu. Muda uliobaki fidla ikaongea.

Uwanja, hata hivyo, haukuwa sawa. Wakati wengine karibu wote wamefungiwa ndani ya lugha zao, Uingereza na Ayalandi zilikuwa zinaimba lugha ambayo wapiga kura wengi waliisoma shuleni. Ayalandi ilishinda 1992, 1993, 1994 na 1996, Uingereza 1997. Kuna sababu nyingine za ushindi huo, lakini ukiwa Copenhagen unautazama mfululizo huo ni vigumu kutopata wivu. Miaka hiyo hiyo nchi za mashariki mwa Ulaya zilikuwa zinaingia kwa wingi na nafasi zikawa za kugombania. Denmaki ikawa ya 22 mwaka 1993 na kukosa nafasi 1994. Mwaka 1996 kulikuwa na mchujo wa awali ambamo waamuzi walisikiliza kanda tu, bila picha, na wimbo wao ukaachwa (Ujerumani nayo iliachwa, wasijione wao tu). Mwaka 1997 walijaribu rap ya Kidenmaki, wakawa wa 16, na 1998 wakawa tena nje.

Mwaka 1999 sheria ya lugha ikafutwa, okestra nayo ikaondoka. Denmaki ikahamia Kiingereza mara moja, kama mtu aliyekuwa amesimama na mabegi mlangoni. Jaribio la pili tu, Stockholm mwaka 2000, ndugu wawili wa umri wa makamo, Jørgen na Niels Olsen, wakashinda kwa alama 195. Warusi, waliokuwa wa pili, walilalamikia sehemu ambayo sauti ya mmoja wao ilipitishwa kwenye mashine ikasikika kama roboti. Malalamiko hayakubadili kitu. Lakini wimbo uliochaguliwa nyumbani haukuwa ule. Nyumbani ulikuwa "Smuk som et stjerneskud", mrembo kama kimondo. Ulaya ikapewa "Fly on the Wings of Love", ruka kwa mbawa za mapenzi. Muziki ni mmoja, ila wa kwanza umesimama unamtazama mtu, wa pili unapaa bila anwani. Hivi ndivyo Wadenmaki walivyoendesha mambo miaka kadhaa: Kidenmaki cha kuchaguliwa, Kiingereza cha kusafiria. Hadhira mbili, mavazi mawili.

Kama Kiingereza kingekuwa dawa, hadithi ingeishia hapo. Mwaka 2002 mjini Tallinn, Denmaki iliimba Kiingereza na kushika mkia, alama 7, na mwaka uliofuata haikushiriki.

Kama unataka kupima nguvu ya lugha bila kubadilisha mkono unaoandika, mfuate mtunzi Lise Cabble. Mwaka 1995 alikuwa mmoja wa watunzi wawili wa "Fra Mols til Skagen", ulioimbwa na Aud Wilken mjini Dublin. Jina hilo limefungwa kwenye ramani: Mols ni rasi ya mashariki mwa Jutland, ambayo Wadenmaki wanaitania kwa visa vya wajinga; Skagen ni ncha ya kaskazini kabisa, bahari mbili zinapokutana. Ni waamuzi wachache wa ugenini ambao wangejua umbali wa huko hadi huko. Wimbo ukawa wa tano. Mwaka 2011 alishiriki kutunga wimbo wa Kiingereza wa kundi la A Friend in London: wa tano tena. Mwaka 2013, Malmö, Emmelie de Forest akaimba "Only Teardrops", Cabble akiwa miongoni mwa watunzi watatu, kwa Kiingereza: wa kwanza, alama 281. Kalamu moja, lugha mbili, na nafasi ya tano haikujali lugha.

Mwaka huo wa 2011, mjini Düsseldorf, kwenye nusu fainali ya kwanza, Norwe iliwakilishwa na Stella Mwangi, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Norwe. Wimbo wake uliitwa "Haba Haba", na kiitikio chake kilikuwa kile kile cha methali, hujaza kibaba. Norwe nzima ilikuwa imeushika mdomoni tangu mchujo wa nyumbani. Haukuvuka kwenda fainali. Jirani zao wa Copenhagen waliokuwa wanatazama usiku ule walisikia silabi zilizo wazi, zinazorudiarudia, rahisi kuitikia, na hawakujua kibaba ni kipimo cha nafaka.